Unene Kwanza: Hesabu ya Matandazo kwa Mwenye Bustani

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu na baba zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili iwe rahisi kutoka: asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nieleze jinsi ya kujua bustani inahitaji matandazo kiasi gani, yaani nyasi, majani, vipande vya miti na vitu kama hivyo tunavyolaza juu ya udongo kuufunika. Nitatanguliza jibu, maelezo yafuate, maana najua wengine wamefuata jibu tu. Pima eneo kwa mita za mraba. Zidisha kwa unene unaoutaka, kwa sentimita. Kisha zidisha kwa 10. Namba unayoipata ni lita za matandazo. Waliokuja kwa ajili ya hiyo wanaweza kwenda kunywa chai.

Kwa mliobaki, tuione hiyo 10 inatoka wapi. Mita moja ya mraba ni sentimita 100 kwa 100. Ukiitandazia tabaka la sentimita moja tu, una sentimita za ujazo 10,000, na hizo ni lita 10 kamili. Kwa hiyo kila sentimita ya unene juu ya kila mita ya mraba inakula lita 10. Ukilishika hilo huhitaji kikokotoo. Kwa wanaopima kwa inchi, inchi moja juu ya mita moja ya mraba ni lita 25 na kidogo.

Vitabu vingi vinapenda mita za ujazo: urefu mara upana mara unene, vyote kwa mita. Jibu ni lilelile, ila unene wa sentimita 7 unageuka 0.07, na kwenye hizo sifuri ndipo watu wanapopotea. Mtu akiandika 0.7 badala ya 0.07 anaagiza mara kumi ya anachohitaji, na lori linakuja kweli. Fanya hesabu yako kwa lita, halafu ukitaka mita za ujazo gawa kwa 1,000 mwishoni.

Tuchukue tuta moja la mita 6 kwa mita 1.2. Eneo ni mita za mraba 7.2. Unataka unene wa sentimita 7. Basi 7.2 mara 7 mara 10 ni lita 504. Kwa ndoo ya lita 20 ni ndoo 25. Hapo hakuna mtego, na kwa hesabu ya aina hiyo sikuona haja ya kuwaita watu ukumbini.

Kilichonileta ni kwamba watu wanahangaika kupima kitu kisicho na madhara, halafu kile chenye madhara wanakikisia. Angalieni. Ukipima urefu wa tuta lile la mita 6 ukakosea kwa sentimita 10, kosa hilo kwenye jibu lako halifiki asilimia 2. Ni ndoo moja isiyojaa. Lakini ukisema utatandaza sentimita 5, na mkono ukatandaza 7 kwa sababu unakadiria kwa jicho, umetumia asilimia 40 zaidi ya ulichoagiza. Lundo litaisha ukiwa na zaidi ya robo ya bustani mbele yako, na utamlaumu aliyekuuzia. Futi uliyovuta kwa uangalifu kutoka kona hadi kona haitakusaidia kitu. Ukiwa na muda wa kupima kitu kimoja tu kwa makini, pima unene.

Na unene hauchaguliwi hivihivi. Matandazo yanazuia jua lisinyonye maji ya udongo, yanayanyima mwanga magugu yanayojaribu kuota, na yanapokea matone ya mvua ili yasipige udongo mtupu. Kinachoamua tabaka liwe nene kiasi gani ni nafasi zilizomo kati ya vipande. Vipande vikubwa vinaacha matundu, mwanga unapenya, kwa hiyo vinahitaji kwenda juu zaidi. Vitu laini vinajibana, mwanga haupiti hata tabaka likiwa jembamba, lakini hewa na maji navyo vinapata shida.

Matawi yaliyosagwa na magome ya miti yanataka sentimita 5 hadi 10. Mimi nasimama kwenye 7 au 8 na sijaona sababu ya kubishana zaidi. Njia za kupita katikati ya matuta ziongezee, zifike 10, maana miguu inashindilia.

Mboji iliyoiva inatosha kwa sentimita 3 hadi 5. Ni chakula kizuri cha udongo, lakini kwa kuzuia magugu msiitegemee sana. Mbegu ya gugu ikitua juu ya mboji yenye unyevu imepata kitanda.

Unga wa mbao, ule wa msumeno, usizidi sentimita 2 au 3. Unajibana, na ukikauka kabisa maji yanateleza juu yake badala ya kuingia. Kuna hofu kubwa kwamba unaila naitrojeni ya mimea. Hofu hiyo ina ukweli pale unapouchimbia ndani ya udongo, kwa sababu vijidudu vinavyouozesha vinahitaji naitrojeni na vinaichukua hapohapo kwenye mizizi. Ukiulaza juu tu, ushindani unabaki pale udongo na unga vinapogusana, na mmea wenye mizizi ya kwenda chini hausumbuki sana. Miche midogo ndiyo ya kuangaliwa. Maranda ya randa ni tofauti kidogo, yanapitisha hewa vizuri zaidi, kwa hiyo yanaweza kufika 5.

Nyasi mbichi zilizotoka kukatwa: sentimita 2, zikauke, kisha uongeze nyingine 2. Ukizimwaga zote kwa pamoja, sentimita 10 kwa siku moja, zitapata joto, zitateleza kama zimepakwa mafuta, na harufu yake mtaijua kabla ya kuiona. Na kama zimekatwa mahali palipopulizwa dawa ya kuua magugu, msizilete bustanini kabisa.

Halafu kuna nyasi kavu, mabua na majani makavu ya miti. Hapa ndipo hesabu za watu wengi zinapovunjika, kwa sababu vitu hivi vina hewa nyingi ndani yake. Unatandaza sentimita 15 au 20 jioni, inanyesha mvua mara mbili tatu, unakuta nusu yake au chini ya hapo. Hakuna aliyeiba. Vimelala tu. Kwa hiyo ukisema unataka tabaka la sentimita 8 la mabua, uliza: sentimita 8 za siku ya kwanza, au za baada ya mwezi? Ukitaka za baada ya mwezi, hesabia 16 au zaidi.

Kwa sababu kila lundo lina tabia yake, msiniamini mimi kwa upofu. Pima lenu. Chukua vijiti vinne vyenye urefu wa mita moja moja, vifunge viwe fremu ya mraba, uilaze chini bustanini. Ndani yake mwaga ndoo tatu za lita 20 za matandazo yenyewe, bila kushindilia. Lita 60 juu ya mita moja ya mraba ni sentimita 6, ndivyo hesabu inavyosema. Sawazisha kwa mkono, kisha chomeka kijiti kilichotiwa alama za sentimita, kiguse udongo, usome. Fanya hivyo sehemu nne au tano, upate wastani. Halafu mwagilia maji ya kutosha, acha siku chache, usome tena. Kama 6 imekuwa 4, basi ukitaka 6 zinazodumu agiza kwa hesabu ya 9. Kipimo hicho kidogo, ambacho hata mtoto anaweza kukifanya, kinajibu maswali ambayo jedwali la mtu mwingine haliwezi kujibu, kwa sababu jedwali halijui mabua yako yalikatwakatwa au yalikuja mazima.

Sasa mtu ataniuliza, kwa nini tusiweke nyingi tukamaliza? Kwa sababu ya mvua ndogo. Mvua ya milimita 3 inaleta lita 3 tu kwenye kila mita ya mraba. Ikikuta sentimita 20 za matandazo makavu, zote zinaishia humo, na asubuhi inayofuata jua linazirudisha hewani. Udongo chini umebaki kama ulivyokuwa, na wewe ukitazama juu unaona kumelowa, unafurahi. Mizizi nayo inahitaji hewa. Tabaka zito la kitu laini juu ya udongo mzito linaifunga.

Ubaya mkubwa kuliko wote uko kwenye mashina. Mtu anaupenda mti wake, anaujengea kichuguu cha matandazo hadi kiunoni. Gome la shina halikuumbwa kukaa kwenye unyevu usiku na mchana. Linalainika, linaoza, panya wanapata maficho ya kutafunia, na mti wenyewe unaanza kutoa mizizi ndani ya kichuguu, mizizi ambayo baadaye inaweza kulizunguka shina na kulikaba. Acha nafasi ya sentimita 10 kuzunguka shina, udongo uonekane. Kwa miche ya mboga nafasi ya sentimita 3 hadi 5 inatosha, na usitandaze kabisa juu ya mbegu ambazo hazijaota.

Na je, nafasi hiyo tuitoe kwenye hesabu? Tuone. Mti una shina la kipenyo cha sentimita 20, nawe unatandaza duara la nusu kipenyo mita 1. Eneo la duara ni 3.14 mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo, yaani mita za mraba 3.14. Shina pamoja na nafasi yake ni duara dogo la nusu kipenyo sentimita 20, na eneo lake ni kama mita za mraba 0.13. Kwa unene wa sentimita 8 hiyo ni lita 10, nusu ndoo. Kwenye karatasi ipuuze. Kwenye ardhi usiipuuze hata siku moja.

Kwa kuwa tuko kwenye miduara, jihadharini na kitu kimoja. Duara la mita 1 kwa sentimita 8 linakula lita 250. Ukilitanua hadi mita 1.5, hujaongeza nusu. Sasa ni lita 565. Ukifika mita 2 ni lita 1,000 na kidogo, mara nne ya ulipoanzia. Mti unafaidi kutanuliwa kwa sababu mizizi ya kunyonya maji iko mbali na shina, lakini fanya hesabu kabla ya kutanua, hasa ukiwa na miti mingi.

Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, hilo mlifundishwa shuleni. Linalosumbua ni tuta la maua lililopindapinda, ambalo halifanani na umbo lolote la darasani. Msilipimie kwa huruma. Nyoosha kamba katikati yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Tuseme ni mita 8. Ligawe vipande vinne vya mita 2, na katikati ya kila kipande pima upana. Umepata 1.5, 2.0, 1.9 na 1.2. Jumla ni 6.6, wastani ni 1.65, mara 8 ni mita za mraba 13.2. Mtaalamu mwenye vyombo vyake hatatofautiana nawe sana, na kama nilivyosema, kosa dogo hapa halikuumizi.

Kwenye tuta ambalo mimea imeshajaa, toa sehemu inayofunikwa na mashina na vichaka vilivyolala chini. Mimi hukadiria. Tuta la vichaka vikubwa laweza kupunguza sehemu ya kumi, tuta la maua yaliyosongamana laweza kupunguza zaidi ya robo. Hapo hakuna kanuni, tumia macho.

Kabla ya kuagiza, chimbua kidogo uone kilichopo. Watu wengi wanahesabu kila mwaka kana kwamba bustani iko uchi. Ukikuta sentimita 3 za mwaka jana zimebaki na unataka 7, unahitaji 4 tu. Kwenye eneo la mita za mraba 37 hiyo ni tofauti ya lita 2,590 na lita 1,480. Tabaka la zamani likiwa limegandamana na kuwa gumu, livuruge kwa reki kwanza ili maji yapite. Anayeongeza 7 juu ya 3 kila msimu bila kuangalia, baada ya misimu michache ana mambo yale niliyoyasema ya mizizi kukosa hewa.

Tuunganishe sasa bustani moja nzima. Matuta mawili ya mboga ya mita 6 kwa 1.2, yatakayopata nyasi kavu za sentimita 15: mita za mraba 14.4, kwa hiyo lita 2,160. Lile tuta lililopinda, matawi yaliyosagwa sentimita 7: lita 924. Miti mitatu ya duara la mita 1, matawi sentimita 8: lita 754. Msijumlishe nyasi na matawi kwa namba moja, ni vitu viwili na vinaagizwa mbali mbali. Matawi yote ni lita 1,678, sema mita ya ujazo 1.7. Nyasi ni mita za ujazo 2.2.

Lita hizo utazitambuaje zikija? Toroli lako lina ujazo gani? Wengi hawajui, na namba iliyoandikwa ubavuni mara nyingi ni ya maji, wakati matandazo yanarundikwa hadi juu ya ukingo. Lijaze kwa ndoo, ukihesabu, kama unavyolijaza siku zote. Likimeza ndoo nne, ni lita 80, na mita yako 1.7 ni safari 21. Hiyo ni namba unayoweza kuipangia siku.

Gari la mizigo: urefu wa kibebeo mara upana mara kimo cha mzigo. Kibebeo cha mita 2.3 kwa 1.5, mzigo umekaa wastani wa sentimita 40, ni mita za ujazo 1.38. Lundo lililomwagwa chini linakaribia umbo la koni, kwa hiyo chukua eneo la kitako chake mara kimo, ugawe kwa tatu. Lundo lenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 1 ni mita moja ya ujazo na kidogo. Wengi wakiliona wanasema ni tatu.

Msikubali kununua matandazo kwa kilo bila kuuliza ujazo. Matawi yaleyale yakinyeshewa yanaongezeka uzito sana, na uzito huo ni maji ambayo utayatandaza bila kufunika chochote. Mifuko mingine imeandikwa futi za ujazo. Futi moja ya ujazo ni lita 28. Kwenye kokoto ni kinyume, hapo uzito ni wa kuuangalia kwa sababu ya gari lako: mita moja ya ujazo inakaribia tani moja na nusu.

Ikiwa ulichonacho hakitoshi, geuza hesabu. Gawa lita zako kwa unene, kisha kwa 10. Una lita 1,000 na unataka sentimita 7: zinafunika mita za mraba 14. Bustani ni 37. Ushauri wangu ni kufunika hizo 14 vizuri, ukianza na miche ya juzi na mahali panapokauka haraka, na kuacha zingine zisubiri. Ukizitawanya kote utapata chini ya sentimita 3 za vipande vikubwa, magugu yatapita kama hayakuona kitu, na utakuwa umetumia matandazo yote bila kuwa na matandazo popote. Najua wapo wataalamu wanaosema kidogo ni bora kuliko hakuna. Kwa kuzuia mmomonyoko niko nao. Kwa magugu na kwa maji siko nao.

Ndago, wala msihangaike kuongeza unene kwa ajili yake. Ile inatoboa. Ng'oa kwanza, na vinundu vyake vya chini ya udongo utoe kadiri unavyoweza, kisha mwagilia udongo ulowe vizuri, ndipo utandaze. Ukifunika udongo mkavu umeufungia ukavu wake humo ndani.

Wakati wa kutandaza, usimwage toroli mahali pamoja ukaanza kusukuma kwa reki. Utapata mlima pale ulipomwaga na upara kwenye kona, na wastani utakuwa sahihi kabisa. Hesabu ndoo kwa kila mita ya tuta kabla hujaanza. Tuta la upana wa mita 1.2 kwa sentimita 7 linataka lita 84 kwa kila mita ya urefu, ndoo nne na kidogo. Mwaga ndoo zako nne, sawazisha, chomeka kijiti, songa mbele.

Mzee pale mbele aliniuliza kabla hatujaanza juu ya shamba la mteremko. Pima kamba ikiwa imelala juu ya ardhi yenyewe. Ukiivuta ikae sawasawa hewani utapata urefu mfupi kuliko ulivyo, na kwenye mteremko mkali upungufu huo unaonekana. Tumia mabua marefu uyalaze kukingama mteremko. Vipande vidogo maji yatavikusanya vyote chini, na hesabu yako nzuri itakuwa imehamia kwa jirani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Fremu na kijiti viko mezani, anayetaka avishike. Nje ya ukumbi kuna lundo la matawi yaliyosagwa ambalo hakuna aliyelipima, hata mimi. Andikeni makisio yenu kwenye karatasi kwanza, kila mtu na jina lake, kisha wawili waje na futi.